Tumepeleka Mzigo wa Baridi Lviv

Ijumaa, 2 Desemba 2022. Leipzig

Mzigo umekamilika jioni hii. Jenereta ndogo za petroli, blanketi, soksi za sufu, nepi za watu wazima, tochi za kuvaa kichwani, pawabenki, mikanda ya turniketi ya kuzuia damu, vipimo vya sukari, na makasha mawili ya insulini ambayo mfamasia wetu aliyapata baada ya hospitali ya Lviv, magharibi mwa Ukraine, kutuma barua yenye mhuri. Kila boksi limepimwa na uzito wake kuandikwa kwa Kijerumani na Kiukraine, maana mpakani boksi lisilokuwa kwenye karatasi hurudi lilikotoka.

Chama chetu ni kidogo. Sheria ya Ujerumani inataka watu saba ili chama kisajiliwe, nasi mwezi Machi tulipokwenda kujisajili tuliizidi idadi hiyo kidogo tu: wastaafu, wanafunzi, mfamasia, mchungaji, dereva wa basi aliyestaafu, mwalimu wa hisabati kutoka Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, aliyeingia mjini hapa na mwanawe na begi moja, na mimi muuguzi, mzaliwa wa Machame. Wengi tulifahamiana kwenye sala ya amani ya kila Jumatatu, saa kumi na moja jioni, katika kanisa la Nikolaikirche. Sala hiyo ipo tangu 1982. Wakati huo mji ulikuwa chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki, na kutoka milango ya kanisa hilo ndipo yalipoanzia maandamano ya 9 Oktoba 1989. Watu wapatao 70,000 walijaza barabara ya katikati ya mji mbele ya polisi wenye silaha, wakipaza sauti kwamba pasitokee vurugu, na risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Dereva wetu alikuwa miongoni mwao, kijana bado, mshumaa mkononi.

Kwetu Kilimanjaro jina la Leipzig ni la siku nyingi. Wamisionari wa Kilutheri waliotumwa na mji huu walianza kazi mlimani mwaka 1893, na bibi yangu alikuwa akilitaja kanisani bila kujua liko upande gani wa dunia. Na Leipzig ina undugu wa miji na Kyiv tangu 1961. Kwa hiyo mabomu yalipoanza kuanguka, watu wa hapa hawakuona picha za mji wa mbali kwenye televisheni. Waliona mitaa waliyowahi kulala, wakawapigia simu watu waliowahi kuwapikia chai.

Vita hivi vimetugawa pia, na sitaki kuficha hilo. Wapo waliokuwa wakisali nasi ambao waliona kwamba kila silaha inayopelekwa Ukraine inarefusha vita, na kwamba chama cha amani kidai mazungumzo tu, kisitaje nani aliyeanza. Hatukuafikiana nao, wakaondoka. Bado naumia, kwa sababu ni watu wema na wengine wamenilea katika mji huu. Katiba yetu inasema hatubebi silaha wala kifaa cha kupigania. Inasema pia, wazi, kwamba tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Bila sentensi hiyo sijui ningemwambia nini mwalimu wa Kharkiv kila tunapokutana.

Petroli ya safari imetokana na michango, na sehemu yake ni maandazi na sambusa nilizouza kwenye soko la hisani la kanisa kabla ya Majilio. Ziliisha kabla ya saa sita mchana.

Jumamosi, 3 Desemba. Barabarani hadi Przemyśl

Tumeondoka alfajiri, vani mbili, watu wanne. Barabara ni moja tu ya kunyooka: Dresden, Görlitz, daraja la mto Neisse na mara uko Poland, kisha Wrocław, Katowice, Kraków, Rzeszów. Karibu kilomita 900 hadi Przemyśl.

Insulini inasafiri mbele pamoja nasi, chini ya miguu yangu. Watu hufikiri adui wake ni joto peke yake, kama tunavyohangaika nayo kule kwetu tukiifunga kwa kitambaa kibichi au kuiweka kwenye chungu. Lakini ikiganda imekufa vilevile, na haionyeshi. Mgonjwa anajidunga maji. Inatakiwa kati ya nyuzi mbili na nane, na nyuma ya gari kuna baridi ya kugandisha chupa ya maji. Kila tuliposimama kujaza mafuta nilifungua kifuniko kidogo nikatazama kipimajoto.

Mwalimu ndiye aliyekuwa karibu yangu njia nzima. Baada ya Wrocław alifungua mkate, tukala, na makombo yaliyoanguka mapajani aliyakusanya yote akayatia mdomoni. Alisema ni tabia ya bibi yake. Bibi huyo alikuwa mtoto mkoani Kharkiv wakati wa njaa ya 1932 na 1933, pale serikali ya Stalin ilipowanyang'anya wakulima nafaka mpaka ya mbegu na mamilioni wakafa katika nchi yenye udongo mweusi wa rutuba isiyo na mfano. Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kuwakumbuka, mwaka wa 90, na mwalimu aliwasha mshumaa dirishani kwake Leipzig.

Nikamsimulia jinsi unga wa ngano ulivyopanda bei Dar es Salaam na Nairobi mwaka huu, bandari za Bahari Nyeusi zilipofungwa. Alikuwa akifuatilia meli zilizoanza kutoka baada ya makubaliano ya Julai, kwa majina, kama mtu anavyofuatilia safari za ndugu zake. Meli ya Brave Commander, iliyoondoka Agosti na tani 23,000 za ngano kwa ajili ya Ethiopia, aliijua mpaka siku iliyotia nanga Djibouti.

Tumefika Przemyśl usiku. Stesheni ya hapa ni jengo la zamani la fahari, na ndiyo mlango ambao watu wengi mno walipitia mwaka huu. Reli ya Ukraine ni pana, milimita 1,520, na ya Poland ni milimita 1,435, kwa hiyo treni za Kyiv huishia hapa kwenye jukwaa lao, na abiria hupanga foleni ya pasipoti. Usiku huu foleni ilikuwa ya wanawake, watoto, vikapu vya paka. Wengi walikuwa wakirudi kwao, upande wa Ukraine, na mizigo ya makoti na betri.

Mpaka wa Medyka uko kilomita 13 kutoka hapa, na siwezi kulala karibu nao bila kuyakumbuka ya Februari na Machi. Vijana wetu wa Kiafrika, wanafunzi wa udaktari na uhandisi kutoka Kharkiv, Sumy, Kyiv, walizuiwa kwenye foleni hizi katika baridi huku wengine wakipitishwa. Hata Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari ukiita ubaguzi huo kwa jina lake. Baadhi ya Waswahili wenzangu wameniuliza kwa nini nijisumbue kwa watu wa nchi iliyowatendea hivyo wadogo zetu. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba nililia kwa ajili ya wanafunzi wale, niliwapokea wawili chumbani kwangu, na hasira yangu kwa walinzi wa mpaka sijaimaliza. Lakini bibi wa miaka themanini anayehitaji insulini hakumsukuma mtu yeyote kwenye foleni.

Jumapili, 4 Desemba. Medyka, Shehyni, Lviv

Siku nzima imeliwa na mpaka. Upande wa Poland ni karatasi za gari, bima ya kadi ya kijani, na barua ya mwenye gari inayosema hatukuiba. Upande wa Ukraine, Shehyni, ni tamko la msaada wa kibinadamu: nani anatoa, nani anapokea, maboksi mangapi, kilo ngapi. Boksi la soksi lilikuwa na kilo mbili zaidi ya zilizoandikwa, kwa kuwa bibi mmoja wa parokia alikuja na soksi zake dakika ya mwisho. Tulilifungua, tukalipima, tukaandika upya. Ofisa wa forodha hakukasirika. Alichukua jozi moja, akaigeuza, akasema kwa mwalimu kwamba mama yake hufuma hivyohivyo, akairudisha.

Askari wa uhamiaji alikuwa binti mdogo. Aliisoma pasipoti yangu ya Kijerumani polepole hadi mahali nilipozaliwa. Pasipoti hiyo niliipata kwa kuiacha ya Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu kuwa na mbili, na kila ninapoitoa mfukoni nasikia uzito wake. Aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema, kwa maneno ya Kiukraine niliyofundishwa njiani, kwamba nimeleta insulini. Akagonga mhuri.

Ukivuka, saa inasogea mbele, na giza la Desemba huingia mapema. Kutoka mpakani hadi Lviv ni kilomita sabini na kitu. Kwenye vizuizi vya barabarani kuna mifuko ya mchanga na vyuma vilivyounganishwa kama miiba mikubwa, vya kuzuia vifaru.

Lviv tuliikuta bila umeme. Tangu tarehe 10 Oktoba Urusi imekuwa ikilenga mitambo na vituo vya umeme nchi nzima, na tarehe 23 Novemba shambulio moja liliuzima karibu wote. Sasa umeme ni wa zamu, saa chache upo, saa chache haupo. Taa za barabarani hazikuwaka, magari yalipishana kwenye makutano kwa adabu, na mbele ya kila duka na mgahawa ilinguruma jenereta, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na sauti ya gereji na harufu ya petroli. Uwanja wa Rynok, katikati ya mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1998, una masanamu manne ya chemchemi. Yote yamefungwa kwa vitambaa na mabati, na madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa kuu yamezibwa. Watu wa hapa wamefunga mawe yao kwa uangalifu kama wanavyofunga majeraha.

Tumelala katika nyumba ya wageni ya parokia. Sista alituwashia mshumaa wa kopo: kopo la samaki, ndani yake kadibodi iliyokunjwa mzingo, kisha nta iliyoyeyushwa. Watoto wa shule hutengeneza haya kwa maelfu kwa ajili ya askari walioko kwenye mahandaki. Unaangaza, unapasha mikono, unachemsha kikombe cha maji.

Jumatatu, 5 Desemba. Lviv

Saa tatu kamili asubuhi mtaa ulisimama. Tangu Machi, kwa amri ya Rais Zelensky, kila siku saa hiyo nchi hunyamaza dakika moja kwa ajili ya waliouawa. Mama aliyekuwa akifagia theluji mbele ya duka aliegemeza fagio ukutani, akainamisha kichwa. Dakika ilipokwisha akaendelea kufagia.

Hospitalini alitupokea muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Kabla ya salamu kwisha alikuwa amefungua kasha la insulini. Kipimajoto kilisoma nyuzi tano. Akaniangalia, akanishika bega, na toka hapo tulizungumza kama watu wa kazi moja.

Nimejifunza mengi kwake leo. Umeme ukikatika, jenereta kubwa hulisha kwanza chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi na watoto njiti. Wodi nyingine husubiri. Wagonjwa wa figo huitwa kusafishwa damu kwa kufuata ratiba ya umeme, hata ikiwa usiku wa manane. Lakini wanaomnyima usingizi ni walioko majumbani. Kuna wazee wanaopumua kwa mashine ya oksijeni ndogo ya kuchomeka ukutani, na umeme ukikatika mashine inanyamaza. Kwa hiyo jenereta zetu ndogo hazikuwa za hospitali hata kidogo. Alikuwa na orodha ya majengo ya ghorofa, jina la mzee katika kila jengo, na jina la jirani atakayewasha. Nilikaa na mwalimu tukaandika karatasi ya kubandika juu ya kila jenereta kwa herufi kubwa: iwashwe nje, kamwe si ndani wala kwenye veranda iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na watu waliochoka na kuona baridi hufunga milango.

Wodi ya majeruhi ipo ghorofa ya pili. Majeruhi wengi wa mashariki huletwa Lviv kwa treni. Tangu majira ya machipuko hata Madaktari Wasio na Mipaka wana treni yao ya wagonjwa, mabehewa ya kawaida yaliyogeuzwa wodi, wakishirikiana na shirika la reli la Ukraine. Niliona vijana wasio na mguu, wasio na mkono, na mama mmoja wa makamo aliyekatwa miguu yote miwili, aliyekuwa kwenye foleni ya mkate bomu lilipoanguka. Nimefanya kazi ya uuguzi muda mrefu na sikuwa nimeona wodi yenye maumivu ya aina moja kitanda hadi kitanda.

Mchana king'ora kililia. Kinaanza chini, kinapanda, kinakaa juu. Wauguzi hawakukimbia. Waliondoa breki za vitanda, wakavisukuma kuelekea kwenye ngazi na lifti, na aliyeweza kutembea akamshika asiyeweza. Nilichukua upande wa kitanda kimoja bila kuambiwa. Chini ya ardhi kuna korido ndefu yenye mabomba ya maji ya moto, imepangwa mabenchi na vitanda vya kukunja. Mtaalamu wa viungo alichukua kiti chake akaendelea na mazoezi ya kijana mmoja palepale, mguu juu, shusha, mguu juu, shusha. Watu walisoma taarifa kwenye simu kwa sauti ya chini: makombora kutoka baharini, kutoka angani, Odesa haina maji. Baadaye jeshi la anga la Ukraine lilisema makombora zaidi ya 70 yalirushwa nchini siku ya leo na zaidi ya 60 yakatunguliwa. Lviv haikupigwa. Alasiri tuliruhusiwa kupanda, na vitanda vikarudishwa kimoja kimoja.

Jioni mwalimu alimpokea mume wake stesheni. Ni fundi wa reli Kharkiv. Alipata ruhusa fupi, akavuka nchi nzima kwa treni usiku na mchana. Wanaume kati ya miaka 18 na 60 hawaruhusiwi kutoka nje ya nchi wakati huu wa vita, kwa hiyo Lviv ndiyo mahali pa mbali zaidi anapoweza kuja na pa karibu zaidi na familia yake. Hawakuwa wameonana tangu Machi. Tuliwaacha peke yao, lakini kabla ya kwenda tulikula wote supu ya borshch kwenye mgahawa wenye mwanga wa taa moja. Baba huyo hakuuliza habari kubwa za mwanawe. Aliuliza anavaa viatu namba ngapi sasa, anaamka mwenyewe au anaamshwa, na kama bado anaacha taulo chini. Mwalimu alijibu kila swali kwa utulivu, kama yuko darasani, mpaka lile la taulo.

Usiku kuna amri ya kutotoka nje. Barabara zilikuwa tupu kabla haijaanza.

Jumanne, 6 Desemba. Drohobych

Asubuhi tulipita makaburi ya Lychakiv. Kando yake, kwenye uwanda uitwao Uwanja wa Mars, wamezikwa askari wa vita hivi, na kila kaburi lina bendera na picha. Leo ni siku ya jeshi la Ukraine, kwa hiyo familia zilikuwa nyingi. Hatukushuka garini. Nilihisi kwamba pale si mahali pa mgeni kusimama akitazama.

Drohobych iko kusini-magharibi ya Lviv, safari ya saa moja na nusu kwa vani. Ni mji wa chumvi. Kiwanda chake kinachota maji ya chumvi kisimani na kuyachemsha mpaka yakauke, kazi iliyofanywa hapa tangu zama za kati, na nilipoona mvuke na chumvi nyeupe ikikokotwa nilisema kwa sauti: Uvinza! Kigoma nako wazee wetu walichemsha maji ya chemchemi vivyo hivyo, na misafara ikaja kutoka mbali kuinunua. Wenyeji walitaka nieleze. Nikaeleza mpaka chai ikapoa.

Mwaka huu kiwanda hiki kidogo kimekuwa na maana kubwa kwa sababu migodi ya Soledar, mashariki mwa nchi, iliyokuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya chumvi ya Ukraine, ilisimama wakati wa masika kwa mapigano. Katika bweni tulilopelekea blanketi wanaishi wakimbizi wa ndani, na mmoja wao ni mama aliyefanya kazi mgodini Soledar maisha yake yote. Alitusimulia kumbi za chumvi zilizo chini sana ya ardhi, ndefu kuliko makanisa, ambamo okestra iliwahi kupiga muziki. Nyumba yake ilikuwa imesimama mara ya mwisho jirani alipopiga simu. Mapigano sasa yako mlangoni mwa mji huo.

Mama huyu ndiye aliyeniuliza. Alikuwa amefuatilia kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi: nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi, tano zilikataa, 35 hazikuegemea popote. Tanzania ilikuwa katika hizo 35, pamoja na Uganda na Burundi. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikuwa na wale 141. Kwa nini kwenu hamkusema kitu, aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa akinimenyea viazi wakati akiuliza.

Nilimweleza ninavyoelewa. Kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, na wapigania uhuru wa kusini walipata silaha na masomo Moscow wakati nchi za Magharibi zilipowaita magaidi. Wazee wetu hawajasahau, na siasa ya kutofungamana na upande wowote ni mali yetu. Kisha nikamweleza la pili, kwa sababu nusu ya jibu ni kama uongo. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, likachoma, likaua, likalibomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Nchi nyingine zilitushauri tuketi tuzungumze. Mwalimu Nyerere, mtu aliyeihubiri amani kuliko viongozi wengi wa zama zake, aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Baba yangu mdogo alikwenda na mgambo. Alirudi, lakini si wote wa kijijini kwake waliorudi. Sijawahi kumsikia Mtanzania akisema kwamba tungempa Amin Kagera kwa ajili ya amani.

Na siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alisimama Baraza la Usalama akaeleza jinsi Waafrika walivyorithi mipaka waliyochorewa na wakoloni, wakachagua kutoipigania upya. Nilipotaja hilo wanawake kadhaa bwenini walitikisa vichwa kukubali. Wengine waliwahi kuiona hotuba hiyo.

Nilimwambia pia habari inayoniuma kama Mwafrika: kijana wa Zambia aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa jela, akachukuliwa gerezani kupigana Ukraine, akafa Septemba hii. Yule mama aliacha kisu. Akauliza kama mama yake yupo.

Kwa hiyo nikisikia Leipzig, au Dar, mtu akisema kwamba anayetaka amani asiegemee upande, namjibu kutoka bweni hili. Amani haiwezi kuandikwa na watu wanaomenya viazi vyao wenyewe kwa utulivu, kisha ikapelekwa kwa mama wa Soledar aipige sahihi. Yeye anataka vita viishe kuliko sisi sote. Anataka viishe akiwa na nchi ya kurudi.

Katika ukumbi wa chini wa bweni wanawake walikuwa wakifuma nyavu za kufichia vifaa vya jeshi, vipande vya vitambaa vya kijani na kahawia vikifungwa kwenye wavu. Dereva wetu aliketi mbali kidogo. Kazi hiyo chama chetu hakiifanyi, naye ni mtu wa 1989, wa mshumaa. Lakini aliwashikia taa umeme ulipokatika, na hakuna aliyemtaka aseme neno.

Jumatano, 7 Desemba. Kurudi

Gari tupu halirudi tupu. Tumechukua bibi mmoja wa Mykolaiv na mjukuu wake wa kike, wanaokwenda kwa binti yake anayeishi karibu na Leipzig. Bibi alikuwa amekataa kuondoka tangu Februari. Aliyembadilisha ni bomba la maji, maana mji wao umekaa miezi bila maji safi ya bomba na mabega yake hayabebi ndoo tena.

Foleni ya Shehyni ilikuwa ndefu kuliko ya kuja. Mtoto alilala juu ya blanketi iliyobaki. Bibi alinipa mfuko wa tufaha, akakataa nikatae.

Mwalimu hakuzungumza mpaka Kraków. Mume wake ameshapanda treni ya kurudi Kharkiv. Baada ya Kraków aliomba nimfundishe kuhesabu kwa Kiswahili, tukafika mia kabla ya Wrocław, na akaanza kuuliza kwa nini kumi na moja iko hivyo na ishirini iko vingine.

Alhamisi, 8 Desemba. Leipzig

Tumeingia usiku wa manane. Binti alikuwa akisubiri barabarani na kandambili miguuni, katika baridi hiyo. Kesho atampeleka mama yake kujiandikisha. Kwa uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 4 Machi, Waukraine wana ulinzi wa muda, kibali cha kukaa na matibabu bila kupitia maombi ya ukimbizi. Ningetamani mlango huo ungefunguliwa hivyo kwa Wakongo na Wasudani pia, na nitaendelea kusema hivyo kwenye vikao vyetu.

Muuguzi mkuu ameandika mchana huu. Jenereta saba zimefika kwenye majengo ya orodha yake, na ya nane imebaki hospitalini kwa sababu mzee wake alifariki kabla haijafika. Itapelekwa kwa mwingine. Kwa Januari anaomba vipimo vya sukari zaidi, magongo ya kutembelea ya saizi za watoto, na mashine za oksijeni zinazotumia betri. Sisi tunatafuta dereva mmoja mwenye leseni ya vani, kwa kuwa mzee wetu anafanyiwa upasuaji wa goti, na watu wa kupima na kuandika maboksi. Wanaozungumza Kiswahili wapo wengi Leipzig, Halle na Berlin. Karibuni.